Mama anasema wazee wa Ujerumani watanipoza imani

"Shikamoo mchungaji. Mimi ni binti wa miaka 24, kwetu Mbagala, nipo Ujerumani mwaka wa pili sasa nasomea unesi kwenye mji mdogo karibu na Leipzig. Kanisani huku tunakuwa watu ishirini na kitu na mimi ndio mdogo kuliko wote, wengine wote wazee. Kuna bibi mmoja wa miaka 86 ananialika kwake kila Alhamisi, tunakunywa kahawa tunasoma Biblia, wanakuja na wazee wengine watatu. Wananipenda sana ila hawaombi kwa sauti, hawaimbi mapambio, hakuna anayetoa ushuhuda, sadaka wanatoa visarafu, na mzee mmoja aliyefiwa na mke alisema wazi kabisa siku hizi hawezi kuomba, anakuja tu kukaa. Mama yangu ameokoka, anasema hao ni watu wa dini tu hawana imani, watanipoza, bora nikae chumbani niangalie ibada ya Dar kwenye simu. Na kweli nikiomba nao kwa Kijerumani sisikii kitu moyoni. Halafu bibi aliwahi kuniambia alifukuzwa shule akiwa na miaka 15 sababu ya beji, sikuelewa nikaona aibu kuuliza. Je naweza kujifunza imani kwa watu hawa au najidanganya?"

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila nikilisoma macho yananirudisha kwenye ile sentensi ya beji uliyoiweka mwishoni kama vile haina uzito. Nitaanza na hiyo, maana nadhani jibu lako kubwa limekaa hapo hapo.

Bibi ana miaka 86, alipokuwa na miaka 15 ilikuwa kwenye mwaka 1953 hivi, na kwa jinsi unavyoelezea inaonekana amekulia huko huko upande wa mashariki, ile Ujerumani iliyokuwa chini ya serikali ya kikomunisti. Mwaka huo serikali iliwabana sana vijana wa kanisa. Kulikuwa na vikundi vya vijana vya usharika, na vijana walikuwa wanavaa kibeji kidogo chenye duara la dunia na msalaba juu yake. Miezi ya mwanzo ya 1953 wanafunzi wengi wa sekondari waliitwa mbele ya wenzao, wakaambiwa wavue beji na wajitenge na kikundi, aliyekataa alifukuzwa shule. Mwezi wa sita serikali ikarudi nyuma na wengi wakaruhusiwa kurudi, lakini fikiria mtoto wa kike wa miaka 15 amesimamishwa mbele ya darasa zima, walimu wanamwangalia, rafiki zake wanainamisha vichwa, na yeye anasema hapana sivui. Siwezi kuapa kwamba hiki ndicho kilichompata bibi yako, lakini ukiniambia miaka 15, shule na beji, mimi sioni kingine.

Na haikuishia hapo. Kuanzia 1955 serikali ikaleta sherehe yake ya vijana, ya kuchukua nafasi ya kipaimara, na familia nyingi zilijikuta zinachagua: mtoto afanye kipaimara afungiwe milango ya shule za juu, au afanye ya serikali asonge mbele. Vijana wa kiume ambao dhamiri iliwakataza kushika silaha, kuanzia 1964 waliwekewa kikosi chao cha kubeba koleo na kujenga, mabegani wana alama ya koleo, na hiyo alama ilimfuata mtu baadaye akiomba chuo au kazi. Huyo mzee wako aliyefiwa kama ana karibu miaka 80 huenda na yeye ana la kusema kuhusu miaka hiyo. Siku moja muulize.

Sasa wewe unatoka kanisa ambalo kuamini kunakupa watu. Hapa Dar ukisema umeokoka unapata familia mpya, unapata kwaya, unapata jumuiya, hata kwenye daladala mtu akisikia wimbo wenu anaitikia. Kwa hao wazee kuamini kulikuwa kunakuondolea watu. Jirani aliweza kuwa ndiye anayepeleka habari zako kwa usalama wa taifa, kwa hiyo mambo ya Mungu yalisemwa jikoni, kwa sauti ya chini, kwa mtu unayemwamini. Mtu aliyeishi hivyo miaka arobaini usitegemee afike kanisani apige kelele. Na hata kabla ya ukomunisti Walutheri wa Ujerumani hawakuwa watu wa sauti kubwa, maombi kwao ni kitu cha ndani ya chumba, kama Yesu alivyosema kwenye Mathayo 6, funga mlango umwombe Baba yako aliye sirini. Sisi tunaipenda sana Matendo 2, ile ya Pentekoste, na wao wameishi sana Mathayo 6, zote mbili zipo kwenye Biblia moja.

Nakwambia hivi kwa sababu na mimi nilikosea hapo hapo. Nilikaa Leipzig miaka miwili katikati ya miaka ya 90, kwa masomo, nikapanga chumba kwa mzee mmoja mjane. Miezi mingi niliandika nyumbani kwamba huku kanisa limekufa. Jioni moja tukiwa tunamenya viazi akaanza tu kunisimulia tarehe 9 Oktoba 1989, jinsi alivyotoka kwenye maombi ya Jumatatu. Yale maombi yalikuwa yanafanyika Nikolaikirche, kanisa la Mtakatifu Nikolai hapo Leipzig, tangu 1982, kila Jumatatu saa kumi na moja jioni, miaka mingine watu wachache tu. Usiku ule mjini walijaa watu kama 70,000 wakiandamana kuipinga serikali, polisi na wanajeshi wamejipanga, fununu zinasema hospitali zimeandaa damu, na watu wakatoka kanisani na mishumaa. Mzee akaniambia ukishika mshumaa nje kwenye upepo unahitaji mikono miwili, mmoja wa kushika mmoja wa kukinga, huna mkono wa kuokotea jiwe. Hawakupigwa risasi, na mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin, uliotenganisha mashariki na magharibi, ukafunguka. Aliposema hivyo akarudi kumenya viazi. Miezi yote ile nilikuwa nakaa nyumba moja na mtu aliyetembea mbele ya bunduki akiwa ametoka kuomba, na sikujua, kwa sababu nilikuwa nasubiri atoe ushuhuda kwa mtindo ninaoujua mimi.

Kwa hiyo kosa la kwanza ninaloliona kwenye swali lako (na la mama pia) ni kupima imani kwa sauti. Kosa la pili ni hizo sarafu. Nadhani hujaambiwa kuhusu kodi ya kanisa. Ujerumani mtu aliyejiandikisha kuwa Mlutheri au Mkatoliki na analipa kodi ya mapato, anakatwa juu yake nyingine ya kanisa, asilimia 9 ya ile kodi kwenye mikoa mingi na 8 kwenye miwili ya kusini. Inakatwa moja kwa moja, hakuna bahasha wala kutangazwa majina. Hivyo visarafu vya kwenye kikapu vinakuja juu ya hapo, na wastaafu wengi ambao pensheni haifikii kukatwa wanatoa hizo kwa hiari. Halafu kumbuka wamisionari wa Leipzig walipanda Kilimanjaro mwaka 1893, kwa michango ya sharika kama hiyo unayokaa wewe, na hata lile kanisa la Azania Front unaloliona ukishuka Kivukoni lilijengwa na Wajerumani. Babu zao walichangia sisi tusikie, leo wewe umetumwa kwao, mimi hapo naona mkono wa Mungu, sisemi ni bahati.

Tuje kwenye kutosikia kitu moyoni, maana hili najua ndilo linakuumiza usiku. Mwanangu hiyo ni lugha, sio imani. Maneno uliyojifunza utotoni yamekuja pamoja na mgongo wa mama, na harufu ya jikoni, na kilio na kubembelezwa, kwa hiyo ukisikia "Bwana ndiye mchungaji wangu" mwili wote unaitika kabla akili haijafanya kazi. Neno ulilojifunza ukubwani darasani linapita kichwani kwanza, unalitafsiri, unaangalia kama umelipanga vizuri, likifika moyoni limeshapoa. Watu wengi wanaoishi kwa lugha ya pili wanalijua hili, hata matusi na "nakupenda" kwa lugha ya ugenini vinakuwa vyepesi. Baada ya miaka inabadilika, kidogo kidogo, hasa ukiwa umelia na umefurahi na watu kwa lugha hiyo.

Kwa sasa fanya hivi: Alhamisi nenda na Biblia yako ya Kiswahili, wao wasome kwa Kijerumani halafu wewe usome mstari ule ule kwa Kiswahili kwa sauti, hata kama hawaelewi. Na ukifika zamu yako ya kuomba, omba Kiswahili. Waambie tu leo naomba kwa lugha ya mama yangu. Wazee watakaa kimya na watasikia. Halafu fasirianeni maneno. Waambie kwetu neno imani lina mambo mawili, kumwamini Mungu na pia huruma, mtu mkatili tunasema hana imani. Waulize neno lao wao limebeba nini. Hapo utashangaa, mlikuwa mnakunywa kahawa tu ghafla mnafundishana theolojia. Na nyimbo pia, waambie wakuimbie taratibu zile za zamani, tuni nyingi za kitabu chetu cha nyimbo KKKT zimetoka kwao, utajikuta unaimba Kiswahili wao wanaimba Kijerumani na mnaenda sawa.

Kwa huyo mzee aliyefiwa hapa naomba usome taratibu.

Mtu akisema siwezi kuomba, sisi haraka tunasema amepoa, tunamwekea mikono, tunamwambia Mungu ana makusudi. Usifanye hivyo. Fungua kitabu cha Ruthu. Ruthu alikuwa binti wa ugenini, amemjua Mungu wa Israeli kupitia mwanamke mzee aliyefiwa na mume na watoto wawili wa kiume. Sasa huyo mwalimu wake alikuwaje? Naomi anafika Bethlehemu anasema msiniite Naomi, niiteni Mara, kwa sababu Mwenyezi Mungu amenitenda mambo machungu sana. Hakuna mapambio hapo. Na bado ni kwa mwanamke huyo huyo mchungu Ruthu alisema watu wako watakuwa watu wangu na Mungu wako atakuwa Mungu wangu. Nimehubiri kitabu hiki mara nyingi na muda mrefu nilikuwa narukia ile ahadi nzuri ya Ruthu, sikuwa najiuliza alikuwa anamwambia mtu wa hali gani. Ruthu hakungoja Naomi achangamke ndio ajifunze kwake. Aliona mtu ambaye ana uchungu na Mungu na bado njia anayoishika ni ya kurudi nyumbani kwa Mungu huyo huyo.

Mzee wako hawezi kuomba lakini kila Alhamisi anavaa koti, anatembea kwenye baridi, anakuja kukaa mahali watu wanaomba. Yule baba wa Marko 9 alisema naamini, nisaidie kutokuamini kwangu, na Yesu hakumfukuza, alimponya mtoto. Nadhani mzee anawaomba nyie mumwombee kwa muda. Kwa hiyo mwombee, kimya, na siku moja ukiona inafaa muulize tu mke wake alikuwa anapenda wimbo gani. Basi.

Kuna jambo lingine ambalo wewe kama nesi utaliona kuliko mimi. Utakutana wodini na wazee waliopoteza kumbukumbu, hawamjui mtoto wao, hawajui ni mwaka gani, lakini ukianza Baba Yetu au wimbo wa utotoni midomo inafuata mpaka mwisho. Vitu tulivyovirudia miaka na miaka, vyenye mdundo, vinakaa ndani sana, mara nyingi vinaondoka mwisho. Hao wazee walifundishwa katekisimu na zaburi kwa kichwa, tena kwa ukali, na sisi tumeanza kuidharau hiyo ya kukariri tunasema ni dini ya mazoea. Mimi sidharau tena. Nimeshakaa kando ya kitanda cha mtu ambaye kilichobaki kwake ni Zaburi ya 23 peke yake. Muulize bibi anajua nini kwa kichwa, chagueni kimoja, na wewe ukikariri kwa Kiswahili. Pia usishangae ukikuta ana kitabu kidogo cha andiko la kila siku anachosoma asubuhi, hicho kinatoka Herrnhut, kwa Wamoravian, upande huo huo wa mashariki mwa Ujerumani, wamekuwa wakikichapisha kila mwaka tangu 1731. Wamoravian hao hao ndio waliofika Rungwe 1891.

Lakini sitaki umwone mama yako mjinga, maana kuna kitu anakiona. Ni kweli kuna mahali ukimya ni mazoea tu na hakuna kitu chini yake, na wapo wanaokwenda kanisani kwa sababu mama zao walienda. Ni kweli pia binti wa miaka 24 hawezi kulelewa na watu wa miaka 80 peke yao, unahitaji wenzio, watu wa kucheka nao na kugombana nao na kuulizana mambo ya uchumba na pesa na bosi. Na ni kweli mtu anapoa ugenini, nimewaona wengi, ila mara nyingi waliopoa sio waliokaa na wazee, ni wale waliobaki chumbani na simu. Ibada ya Dar kwenye simu ni nzuri, angalia, imba, lia, inakupa lugha yako. Ila simu haitajua kama umekula, haitaona kama umekonda, na huwezi kuifanyia kitu. Kwa hiyo mimi nisingechagua moja. Jumapili na Alhamisi kaa na wazee, ya Dar angalia siku ya ofu, na mara moja kwa mwezi au miezi miwili panda treni uende Leipzig au Berlin ukatafute ushirika wa Waafrika au wanafunzi wa Kikristo. Na kujifunza kwao sio kukubali kila kitu. Bibi akisema jambo ambalo hukubaliani nalo mwambie kwa adabu, wazee wa huko wanapenda sana mtu anayeuliza, kule kuuliza sio utovu wa nidhamu kama tulivyolelewa sisi.

La kazini nalo niliguse haraka. Bibi wa Alhamisi ni ndugu yako wa kanisani. Mzee unayemhudumia kazini ni mgonjwa wako, na hapo mambo ni tofauti. Usianze maombi na mgonjwa kama hajaomba mwenyewe, na zawadi au fedha kutoka kwa wagonjwa sheria na mikataba ya huko inabana sana, hata kama anakupa kwa upendo wa Kristo mjibu kwa upendo huo huo kwamba huruhusiwi, na mtaarifu msimamizi wako. Usije ukapoteza masomo kwa bahasha ya krismasi.

Na kuna wakati meseji kama hii yangu haitoshi. Ule ukavu moyoni ukiwa sio kwenye maombi tu, yaani chakula hakina ladha, hulali au unalala siku nzima, baridi na giza la Novemba linakuangusha, unalia bila sababu, hapo usijiambie umepoa kiroho, nenda kwa daktari wako wa huko umweleze, ni ugonjwa na una matibabu. Kama usiku ni mzito ipo huduma ya simu ya makanisa inaitwa Telefonseelsorge, bure, mchana na usiku, hawaulizi jina. Mchungaji wa usharika wako pia mwombe miadi ukae naye ana kwa ana, usiishie kumpa mkono mlangoni. Na ikitokea mtu yeyote wa kanisani, mzee au kijana, Mjerumani au Mbongo, anaanza kukutenga na wengine, anataka ujue siri zake tu, anakudai pesa au anakuambia usiongee na mama yako, toka, na umwambie mtu mwingine siku hiyo hiyo.

Alhamisi hii fika mapema nusu saa kabla ya wengine, msaidie bibi kupanga vikombe, umwambie samahani bibi, siku ile uliponiambia habari ya beji sikuelewa na niliona aibu, naomba unisimulie tena taratibu. Usiandike wala usirekodi siku ya kwanza, sikiliza tu, neno usilolijua mwache aendelee utauliza baadaye. Ikiwezekana siku nyingine muombe ruhusa umrekodie voisi fupi anamsalimia mama yako, wewe unatafsiri, umtumie mama huku Mbagala na umweleze ile habari ya binti wa miaka 15 mbele ya darasa. Mama yako ameokoka, anajua gharama ya kusimama na Yesu watu wakikucheka, hiyo lugha ataielewa kabla hujamaliza kutafsiri. Halafu niandikie uniambie alijibu nini.